Karatasi Nane

Nilitoka Bulongwa saa tisa za usiku
juu ya roli la mbao, blanketi mbili mwilini,
daftari la waazimaji nimelivisha mfuko wa plastiki
kwa kuwa ukungu wa Makete haubishi hodi.

Makambako, barabara zinapopishana na reli,
ndipo tulipoitana: watu wa maktaba,
au tuseme, watu wa vitu vinavyoitwa maktaba.
Wa Mbeya mjini wana jengo, viti, mlinzi mwenye kirungu.
Wa Ludewa wana chumba, ila paa limesafiri na upepo.
Mimi nina kabati.
La zahanati ya zamani, bado linanuka spiriti,
lina vitabu thelathini na kimoja
na panya mmoja aliyehitimu.

Ajenda ilikuwa moja: tuanzishe mfuko wa nyanda hizi,
chungu kimoja, upawa mmoja,
hela zisiishie pale lami inapoishia.
Tukapiga makofi, wote.
Makofi hayana hesabu.
Kisha mtu akauliza: tunagawaje?

Bwana Ambwene Mwaisela wa mjini akasimama,
shati limenyooshwa, sauti imenyooshwa.
"Kwa idadi ya wasomaji. Haki ni namba."
Akaandika ubaoni: Mbeya, elfu sita na mia nne.
Akanigeukia. "Bulongwa?"
"Mia mbili na kumi na wawili."
Namba yangu ikakaa pale
kama kuku kando ya treni.

Sikuwa nimepanga kusema.
Nadhani ni ile baridi, bado ilikuwa magotini.
Nikasema: Tulizo Sanga huazima kitabu Ijumaa,
jioni anakisoma kwa sauti jikoni kwao, viazi vikiiva.
Wanamsikiliza mama yake, wadogo zake watano,
jirani asiyejua hata a,
na mpasua mbao aliyekuja kuomba moto
akasahau kuondoka.
Kwenye daftari huyo ni msomaji mmoja.
Hao wanane niwaandike wapi, Bwana Mwaisela?

Wakacheka. Si kwa kunidharau, nafikiri.
Nikaendelea, maana mdomo ulishapata moto:
kitabu chetu kinachopendwa kuliko vyote
kimenyofoka karatasi nane, katikati kabisa.
Msomaji anafika arobaini, anaruka korongo,
anatua hamsini na saba.
Mle korongoni kila jiko lina hadithi yake.
Kwa kina Kilasi, yule mchuuzi alikufa maji.
Kwa Tulizo, alifungua duka Njombe.

Wakati wa kande alinifuata, akauliza ni kitabu gani.
"Tunacho," akasema. "Kopi nne."
Akapiga simu. Basi la jioni likaleta moja.
Mgongo haujawahi kuvunjwa.
Nyuma, ile karatasi ya tarehe,
nyeupe, hata tone la wino.
Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mimi.

Kunipa hakuweza; kina mhuri.
Akanitolea kopi pale stendi, kurasa kumi na sita,
shilingi mia kila moja, mfukoni mwake.

Usiku tukaandika katiba.
Tuhesabu watu, ndiyo. Tuhesabu na umbali hadi lami.
Na masikio?
Hapo tulibishana mpaka jenereta likazimika.
Subilaga wa Tukuyu, katibu, akaiandika kwa penseli,
chini ya tochi ya simu: *masikio, itajadiliwa.*
Hazina ya mfuko: shilingi elfu themanini na tano
na magunia mawili ya viazi
ambayo benki, tumeambiwa, haiyapokei.

Ijumaa nikampa Tulizo zile karatasi.
Nami nikakaa jikoni, nikanyamaza.
Alisoma zote. Mchuuzi hakufa,
duka hakufungua; alirudi tu kwao, akalima.
Moto ukalia kidogo.
Jirani asiyejua hata a akafuta mikono, akasema:
"Yetu ilikuwa nzuri zaidi."

Kesho yake nilichora safu mpya daftarini,
rula yangu ikiwa ubavu wa kabati,
imepinda kidogo.
Juu yake nikaandika: Masikio.
Chini yake: tisa, na mimi.